Jeti ya Bei Nafuu Itatutokea Puani

Hoja moja imeenea Nairobi nzima, na hapa Mashimoni, Kibera, sasa haina mpinzani: Kenya iachane na ndege zake kuukuu za kivita, zile F-5, inunue jeti ndogo za kisasa, za bei nafuu, zinazoweza kufanya kazi zote. Utaisikia maskani pale Kamukunji, utaisikia kwa kinyozi kule Kawangware, na usiku utaisikia tena kwenye runinga kutoka kwa mchambuzi. Kila mtu ana chaguo lake. Huyu anataka JF-17 iliyoundwa na Pakistan na China, yule anataka FA-50 ya Korea Kusini, mwingine haachi kuisifu Gripen ya Uswidi. Na tangu Juni 2024, Marekani ilipoipa Kenya hadhi ya mshirika mkuu nje ya NATO, wako wanaohesabu siku za kuletewa F-16. Sababu ni zile zile kila mahali. Uganda ina Sukhoi, Ethiopia ina Sukhoi, Tanzania ilinunua zake China, na sisi tunarusha ndege ambazo wengi wetu tumezaliwa tukazikuta zina miaka. Kwa kuwa hatuna pesa za Sukhoi, wanasema, basi tununue ndogo inayofanya yote.

Mimi naipinga hoja hii, tena naipinga nikiwa upande wa jeshi. Kibera ni mtoto wa jeshi. Askari Wanubi wa King's African Rifles ndio waliopewa makazi hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na Laini Saba palikuwa mahali pa kufanyia mazoezi ya kulenga shabaha. Kambi ya Lang'ata ni jirani yetu. Usajili wa makurutu ukitangazwa, vijana wa hapa hudamka kwenda kupiga foleni, na waliobahatika wamekanyaga mchanga wa Somalia. Kwa hiyo simjibu hapa anayesema jeshi lisipewe hata shilingi, kila kitu kiende kwenye vyoo na maji. Ana kilio cha haki, ila mjadala wake ni mwingine. Ninayemjibu ni yule anayelipenda jeshi na kuamini kwamba jeti nafuu ndiyo silaha linayoihitaji.

Kwanza F-5 ipewe haki yake, maana wanaoibeza ndio hao hao wanaotaka turudie ununuzi wake bila kujua kwa nini ulifaulu. Mwaka 1976 Idi Amin alidai hadharani kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda. Upande wa mashariki, Somalia ya Siad Barre ilikuwa na ndege za MiG kutoka Urusi ya Kisovieti na ndoto ya kuimeza Kaskazini Mashariki yetu. Amin naye alikuwa na MiG. Sisi tulikuwa na ndege chache za Hunter tulizopata Uingereza zikiwa zimeshatumika, na nyingine za mafunzo zilizofungwa silaha. Mwaka huo huo Marekani ikakubali kutuuzia F-5, na mwaka 1978 zikaanza kuingia kambi ya anga ya Nanyuki: 10 za kiti kimoja na 2 za viti viwili. Kulikuwa na adui mwenye jina, mwenye ndege za aina inayojulikana, na F-5 ilikuwa imeundwa kukabiliana na ndege hizo hasa.

Itazame kwa karibu uone ilivyo ndogo. Urefu wake ni mita 14 na ushei. Kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya jingine ni mita 8 tu. Injini zake mbili za J85 ni ndogo kwa sababu General Electric ilizibuni kwanza kwa ajili ya chombo kisicho na rubani cha kuhadaa rada za adui. Puani kuna mizinga miwili ya milimita 20, na nchani mwa mabawa makombora mawili ya Sidewinder. Basi. Fundi aliyefunzwa vizuri angeweza kuifungua, kuitengeneza na kuirudisha angani bila kompyuta na bila kumpigia simu aliyeiunda. Na zaidi ya hapo, ndege za familia ya F-5 ziliundwa zaidi ya 2,000, zikatumiwa na zaidi ya nchi 30, na injini ile ile ikafungwa kwenye T-38 ambayo Jeshi la Anga la Marekani linaitumia hadi leo kufundishia marubani. Spea zilikuwa zimejaa duniani. Kenya ilinunua ndege ambayo gharama za kuitunza zilibebwa na dola kubwa pamoja na wateja wengine 30. Huo ndio unafuu wenyewe, na haukuandikwa kwenye bei ya ndege.

Sasa niambie ni jeti gani ndogo ya leo ina hali hiyo. Northrop yenyewe, iliyounda F-5, ilijaribu kurudia mchezo. Ikachukua umbo lile lile, ikaweka injini moja yenye nguvu na rada ya kisasa, ikaiita F-20 Tigershark, ikatumia zaidi ya dola bilioni moja za mfukoni mwake. Ilikuwa jeti nafuu, nyepesi, ya kazi zote, na walioirusha waliisifu. Haikupata mnunuzi hata mmoja, na mwaka 1986 mradi ukafungwa. Nchi zilizolengwa zilielewa jambo ambalo mashabiki wetu hawataki kulisikia: ndege isiyotumiwa na wengi haina spea, haina mafundi, haina wa kugawana nawe gharama, hata kama bei yake inavutia.

Tuingie kwenye umbo la ndege yenyewe, kwa sababu hoja ya "kazi zote" huvunjikia hapo. Ndege ndogo ina nafasi ndogo. JF-17 hubeba ndani mafuta ya tani mbili na ushei. Su-30 hubeba zaidi ya tani 9. Ukitaka ndege ndogo ifike mbali, uifunge matangi ya mafuta chini ya mabawa. Lakini pale unapofunga tangi ndipo ungefunga bomu. Ukichagua mabomu, safari inakuwa fupi. Ukichagua safari ndefu, unafika ukiwa na mabomu mawili. Rada nayo hukaa puani, na pua nyembamba ina nafasi ya rada ndogo isiyoona mbali kama ya ndege yenye pua nene. Hakuna mhandisi atakayekuondolea hayo. Anaweza kuyapunguza kwa vifaa bora, na vifaa bora hupandisha bei hadi lile neno nafuu liondoke mezani.

Pima basi kwa ramani yetu. Kutoka Nanyuki hadi Kismayu ni kama kilomita 600. Kutoka Nanyuki hadi Gedo, walikouawa askari wetu wa kambi ya El Adde tarehe 15 Januari 2016, ni zaidi ya kilomita 500. Jeti ndogo ikitoka Nanyuki na mzigo wa maana, ikifika huko ina dakika chache za kutafuta, kulenga na kugeuza. Wanajeshi walio chini wanataka ndege inayozunguka juu yao kwa saa kadhaa, inayoongea nao kwa redio, inayojua ni nani yuko nyuma ya kichaka gani. El Adde ilizidiwa nguvu na Al-Shabaab, na msaada wa angani haukufika kwa wakati wa kuwaokoa waliokuwa wamezingirwa. Katika siku zilizofuata ndege zetu zilishambulia maficho ya wapiganaji hao. Waliohitaji ndege hizo walikuwa wameshakufa, na hadi leo serikali haijawapa Wakenya idadi yao kamili. Nikisikia mtu akisema jeti mpya ingewaokoa, namuuliza: ingekuwa wapi alfajiri ile? Kama si juu ya kambi, ilikuwa Nanyuki, na kama ilikuwa Nanyuki, upya wake haukuwa na faida kwa mtu yeyote kule.

Wakazi wa Mashimoni wana njia yao ya kulielewa jambo hili. Sherehe za Jamhuri zikifanyika Bustani ya Uhuru, ndege za kijeshi huja kufanya mazoezi juu ya Lang'ata, na zikikata kona hupita juu yetu. Kwanza mabati hutetemeka, kisha mlio unakuja, na ukiinua shingo ndege imeshaondoka, umebakiwa na moshi mwembamba tu. Jeti inayokwenda kilomita 900 kwa saa hukata mita 250 kila sekunde. Kibera yote, kutoka Olympic hadi Laini Saba, ni kama sekunde kumi kwake. Sasa fikiria uko kwenye kiti cha rubani, chini yako ni msitu wa Boni au vichaka vya Gedo, na unayemtafuta ni kijana mwenye bunduki kando ya mbuzi na watoto wa mfugaji. Kasi ile tunayoishangilia ndiyo inayomnyima rubani muda wa kumtofautisha mmoja na mwingine. Utaambiwa kuna kamera za kisasa za kulenga zinazofungwa chini ya ndege. Zipo, na ni nzuri sana. Hufungwa pia kwenye ndege za propela na kwenye droni, ambako zinapata saa nyingi za kutazama.

Ndipo ninapokuja kwa jirani yetu mwingine, Uwanja wa Wilson. Ndege zinazotua huko zinapita juu yetu kutwa nzima, na nyingi ni za propela: Caravan, King Air, Twin Otter. Zote tatu zinatumia injini za PT6 za Pratt & Whitney Canada. Injini za familia hiyo hiyo ndizo zilizofungwa kwenye Super Tucano ya Brazil na kwenye Air Tractor, ndege mbili za propela ambazo nchi kadhaa zimezigeuza silaha dhidi ya waasi. Wilson ina mafundi waliozeekea kwenye PT6. Wanazifungua, wanakagua sehemu ya moto, wanabadilisha, na ndege inarudi kazini. Ndege za miraa zinazotoka hapo kwenda Somalia hutua kwenye viwanja vya vumbi ambavyo jeti ikivigusa itavuta mawe hadi iharibike injini. Nchi yenye hazina ya namna hii ya ujuzi, ikaenda kununua injini ambayo Wilson nzima haina fundi wake, imeamua kwa hiari kumlipa mgeni dola kwa kila nati itakayofunguliwa.

Kenya iliwahi kuielekea njia hiyo. Januari 2017 serikali ya Marekani iliidhinisha mauzo ya Air Tractor 12 zenye silaha kwa Kenya, kwa makadirio ya dola milioni 418. Mbunge mmoja wa Marekani, Ted Budd wa North Carolina, akaja juu akisema kampuni ya jimboni kwake yenye uzoefu wa kazi hiyo imerukwa na kwamba ingeuza kwa bei ya chini sana. Kelele zikawa nyingi, mpango ukafa. Hapa kwetu watu wengi walicheka: jeshi gani linanunua ndege ya kunyunyizia dawa mashambani? Kicheko hicho kilikuwa cha watu wasiotaka kujifunza. Bei ilistahili kupigwa vita, na hata leo naipinga bei ile. Ndege yenyewe ilikuwa jibu sahihi, na tuliitupa pamoja na bei yake.

Nigeria inatupa somo zuri zaidi, kwa sababu ilinunua zote mbili karibu wakati mmoja. Mwaka 2021 ilipokea JF-17 tatu, katika mpango wa karibu dola milioni 184. Mwaka huo huo ikapokea Super Tucano 12, katika mpango wa takriban nusu bilioni uliobeba pia mabomu, mafunzo na ujenzi wa kambi ya Kainji. Jeti nafuu, basi, ilikaribia dola milioni 61 kwa kila moja. Ufilipino nayo ilinunua FA-50 12, ikazituma kwenye vita vya Marawi mwaka 2017. Mwaka huo huo ikaagiza Super Tucano sita. Nchi iliyokuwa na jeti ya kazi zote mikononi ikaona bado inahitaji ndege ya kazi hii moja.

Najua jibu linalokuja: ndege ya propela haiwezi kupambana na Sukhoi. Kweli kabisa. Na jeti nafuu nayo haiwezi. Hapa ndipo mashabiki wetu wanapojichanganya wenyewe. Wanaanza na Sukhoi za Uganda na Ethiopia kama sababu ya kununua, halafu wanachagua ndege ambayo haijaundwa kuishinda Sukhoi. Su-30 ina uzito wa zaidi ya tani 34 ikiwa imejaa, rada kubwa, makombora mengi na mafuta ya kukaa angani muda mrefu. Ukiipelekea jeti ya tani 13 yenye rada ndogo, unamtuma rubani wako kuonekana kabla hajaona. Kwa Shabaab jeti ndogo imezidi, kwa Sukhoi imepungua, na kati ya hao wawili hakuna adui wa tatu ambaye tunaweza kumtaja kwa jina.

Tena tuziangalie hizo Sukhoi za jirani zilifanya nini. Uganda ilinunua sita, pamoja na silaha na vifaa, kwa takriban dola milioni 740, na pesa zikatolewa Benki Kuu kabla Bunge la Kampala halijapitisha. Zikafika kati ya 2011 na 2012. Agosti 2012, Uganda ilipotaka kuwasaidia askari wake Somalia kutoka angani, ilituma helikopta. Ziliondoka nne, tatu zikaangukia Mlima Kenya, watu saba wakafa, na waokoaji wetu ndio waliopanda kuwatafuta manusura. Jeti za dola milioni 740 zilikuwa Entebbe. Mzozo wetu na Uganda juu ya kisiwa cha Migingo, uliotutia hamaki mwaka 2009, haukubadilishwa na Sukhoi hata moja. Ethiopia na Eritrea nazo zilipigana angani mwaka 1999, Su-27 dhidi ya MiG-29, na Ethiopia ikashinda huko juu; vita vyenyewe viliamuliwa kwenye mahandaki ya mpakani, kwa maelfu kwa maelfu ya vijana waliofukiwa humo.

Halafu pesa. Utafiti wa Jane's wa 2012, ule unaonukuliwa na kila shabiki wa Gripen, uliweka gharama ya kuirusha ndege hiyo kuwa dola 4,700 kwa saa, chini kuliko washindani wake wote wa Magharibi. Tuichukue namba hiyo kama ilivyo. Tuseme tuna ndege 12 na marubani 18, na kila rubani anapata saa 150 kwa mwaka, ambazo ni chini ya zile 180 ambazo nchi za NATO huziona kuwa kipimo. Hizo ni saa 2,700, yaani dola milioni 12.7. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, ni zaidi ya shilingi bilioni 1.6 kila mwaka, kabla hujanunua kombora moja, kabla injini haijapelekwa ng'ambo kufanyiwa matengenezo makubwa. Mwaka 2008 tulipotafuta F-5 nyingine 15 kutoka Jordan, bei iliyotajwa kwa mzigo wote ilikuwa kama shilingi bilioni 1.5, na hata hiyo ilizua maswali bungeni kuhusu hali ya ndege zenyewe. Hapa tunazungumza kiasi hicho kila mwaka, na ni kwa jeti yenye sifa ya kuwa rahisi kuliko zote.

Tena sifa hiyo ina ushahidi wake Afrika. Afrika Kusini ilinunua Gripen 26, zikafika kati ya 2008 na 2012. Ni nchi yenye viwanda vya silaha, wahandisi na bajeti ambayo sisi hatuna. Kufikia 2013 takriban nusu zilikuwa zimewekwa ghalani kwa kukosa pesa za kuzirusha na marubani wa kutosha. Septemba 2021 zikasimama zote, mkataba wa matunzo ulipokwisha bila mwingine, na zikakaa chini hadi mwaka uliofuata. Ndege haikuwa mbaya. Gripen ni ndege nzuri sana, inaweza kutua barabarani na kujazwa mafuta na vijana wachache. Kilichoishinda Pretoria ni bili inayokuja kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, wakati picha za siku ya uzinduzi zimeshasahaulika. Rahisi inavunja upishi.

Kazi zote zinataka pia rubani wa kazi zote. Kupambana angani ni somo zima. Kupiga shabaha iliyo mita mia chache kutoka kwa askari wako ni somo jingine, na upelelezi ni la tatu. Saa 150 za mwaka ukizigawa mara tatu, unapata rubani aliyeonja kila kitu bila kushiba kimoja. Nchi tajiri hujibu tatizo hili kwa kuongeza saa. Nchi maskini hujibu kwa kuandika kwenye makaratasi kwamba rubani amehitimu, na siku ya hatari inamfichua yeye badala ya aliyeandika.

Kuna neno la heshima na la hofu ambalo sitaki kulipuuza. Kijana wa Mashimoni anaposema tunaaibika mbele ya Uganda, anasema kitu cha kweli kuhusu moyo wake. Taifa lina haki ya kutaka anga yake iheshimiwe. Ndege ya abiria ikitekwa na kuelekezwa Nairobi, lazima kuwe na kitu cha kuruka kuifuata, na propela haitaifikia. Kwa hiyo sisemi F-5 zitupwe leo. Zile zenye maisha yaliyobaki zikusanywe ziwe chache zinazoruka kweli, zingine ziwe spea, na kazi yao iwe moja tu: kulinda anga. Jeti isiyo na rada ya ardhini ya kuielekeza ni kipofu, hivyo shilingi ya kwanza ya ulinzi wa anga iende kwenye rada na makombora ya ardhini, yanayokaa macho usiku na mchana bila kuunguza mafuta.

Naambiwa pia kwamba ukiacha kununua jeti leo, ujuzi wa urubani wa kivita utapotea, na ujuzi ukipotea hauletwi kwa meli. Hii ndiyo hoja yao bora, na wanaitumia mara chache. Naikubali nusu. Ujuzi unalindwa na saa za kuruka, na saa za kuruka zinalindwa na ndege unayoweza kuilipia kila wiki. Kikosi cha jeti mpya zinazokaa hangani kwa kukosa mafuta na mikataba kinapoteza ujuzi upesi kuliko kikosi cha propela kinachoruka kila siku. Tena jeshi letu linajua maana ya marubani wenye akili timamu. Tarehe 1 Agosti 1982, katika jaribio la mapinduzi, marubani wa F-5 walilazimishwa kwa mtutu wa bunduki kuruka kutoka Nanyuki kuja kupiga mabomu Nairobi, Ikulu ikiwamo, na wakaenda kuyatupa mabomu hayo katika msitu wa Mlima Kenya. Mji huu ulinusurika kwa uamuzi wa watu wale. Rubani ndiye mali; ndege hununuliwa.

Na kama kuna pesa za kuanzia mahali, ziende mahali ambapo watu wetu wanakufa. Tarehe 18 Aprili 2024 tulimpoteza Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, pamoja na wengine tisa, katika ajali ya helikopta aina ya Huey kule Sindar, Elgeyo Marakwet. Jenerali huyo alikuwa rubani wa jeti, alifunzwa F-5, aliwahi kuliongoza Jeshi la Wanahewa. Hakufa kwa sababu Uganda ina Sukhoi. Wiki hizo hizo mafuriko yalikuwa yanaua zaidi ya watu 200 nchini, maji yakiingia nyumba za Mashimoni na Silanga usiku, na katika kaunti zilizozama waliokuwa juu ya paa walikuwa wakiomba helikopta. Helikopta nzima na ndege za mizigo kama C-27J zinabeba askari, majeruhi, unga na maji. Zinafanya kazi vitani na zinafanya kazi wakati wa amani. Serikali ilipopokea helikopta sita za MD 530F Januari 2020, mtaani hapa hakuna aliyejisifu nazo, kwa sababu hazipigi kelele za jeti. Ila ndizo zinazoweza kutua karibu na askari.

Kumbukeni pia Manda Bay, Lamu, tarehe 5 Januari 2020. Al-Shabaab waliingia kwa miguu kwenye kambi inayotumiwa na Wakenya na Wamarekani, wakaua Wamarekani watatu na kuteketeza ndege kadhaa zikiwa zimeegeshwa. Ndege hizo hazikushindwa angani. Zilikosa walinzi wa kutosha kwenye ua. Leta jeti 12 za dola milioni 60 kila moja, ziegeshe karibu na mpaka ili zifike haraka, na umempa adui shabaha ya thamani ya maisha yake. Ziweke Nanyuki ziwe salama, na umerudi kwenye zile kilomita 500.

Wizara ya Ulinzi siku moja italeta ombi la jeti bungeni. Hilo sina shaka nalo, kwa maana F-5 hazitaruka milele na wauzaji hawalali. Mbunge wa Kibra na wenzake wasiulize bei ya ndege. Waulize mkataba wa matunzo wa miaka 20 uko wapi, nani ameutia sahihi na pesa zake zinatoka fungu gani. Waulize saa za kuruka zilizotengewa kila rubani kwa mwaka. Waulize ni adui yupi, kwa jina, ambaye ndege hii inamshinda na Super Tucano yenye fundi wa Wilson haimshindi. Karatasi hizo zisipokuwa mezani siku hiyo, ombi lirudishwe lilikotoka, na pesa zipelekwe kwenye helikopta.